Mamdogo, naomba unifutie zile picha

Meseji iliingia saa tatu usiku, fupi tu, haina salamu wala nukta: "mamdogo naomba unifutie zile picha". Aliyeandika ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, na zile picha nilizijua hata kabla sijamuuliza ni zipi. Ni za 2011, ana miaka mitatu, yuko ndani ya beseni anaoga, povu kichwani, anacheka mpaka macho yamefumba, nikaziweka Facebook siku ileile na maneno marefu ya kumsifia. Kumbe kuna mwenzake darasani kazikuta huko, kachukua moja kaigeuza stika, na stika ikazunguka kwenye grupu lao wiki nzima kabla mwenyewe hajajua watu wanacheka nini.

Kwa kweli niliumia. Sio kwa ajili ya stika, hiyo nilikuja kuielewa baadaye, niliumia kwa ajili yangu, maana zile picha niliziweka kwa mapenzi, mi ndo nilikuwa nabaki naye mama yake akienda kazini, nikaona kama naambiwa nilimkosea kwa kumpenda. Nikajibu "sawa mama, ntazitoa", halafu nikakaa siku nne sijatoa hata moja.

Siku zile nne nimewaza sana, ndo maana naandika. Kwetu tuko vizazi vitatu kwenye simu, mama yangu, mimi, na huyu binti, na kwa miaka nilikuwa naamini tofauti yetu ni ujuzi, kwamba mama hajui, mi najua kiasi, binti anajua yote. Sasa hivi siamini hivyo tena. Naona tofauti ni nani tunamuona upande wa pili tukishika simu.

Nianze na mimi. Facebook ilianza Februari 2004 ikiwa ya wanafunzi wa Harvard tu, ikafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na barua pepe Septemba 2006, mi nikajiunga 2009, mwaka uleule walioweka kitufe cha laiki. Na wote niliowakuta mle nilikuwa nawajua! Niliosoma nao, niliokaa nao bwenini, binamu, jirani wa zamani aliyehama. Tulikuwa tunaandikiana kwenye ukuta mambo ambayo leo ungeyapeleka inbox, "umepona?", "ile hela yangu vipi?", "mbona jana ulinuna?", na mtu mwingine anapita anachangia, hakuna aliyeona ajabu. Picha za tukio moja unapandisha zote 40, hata zile zenye macho mekundu, hata iliyotoka na kidole mbele ya kamera, maana ilikuwa kama kumpa mgeni albamu aifungue mapajani huku unamsimulia huyu nani na huyu nani.

Kwa hiyo mi nikiposti, kichwani mwangu naposti kwa wale. Mpaka leo! Najua kabisa kwamba Facebook imejaa watu nisiowajua, najua marafiki zangu 1,200 mle nusu sijui hata sura zao, lakini kidole changu kinaandika kana kwamba tuko walewale wa 2009. Niliposti beseni la mtoto nikiwaona rafiki zangu wa bwenini. Sikumuona mvulana wa darasa la binti yangu miaka 14 mbele akivuta picha chini, chini, chini mpaka akaifikia.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni hapa. Ule umri wa miaka 13 ambao mitandao mingi inauliza ukijiunga unatokana na sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto, na sasa Australia wamepandisha, tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa inatakiwa kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Mjadala wote ni mtoto aingie lini. Huyu wetu alikuwa mle ana miaka mitatu, jina lake nimeliandika mimi, siku yake ya kuzaliwa nimeiandika mimi, sura nimeiweka mimi, na hakuwa na akaunti! Ameingia mtandaoni amebebwa.

Sasa mama yangu.

Mama ana WhatsApp tu. Facebook alifunguliwa akaikataa, alisema watu wanaongea bila kumwambia mtu. Sikumuelewa siku ile ila leo naona alisema kitu kikubwa. WhatsApp inafunguka kwenye orodha ya namba alizoziweka mwenyewe, kila namba ina jina, kila jina ana sura yake na nyumba anayoijua, na kwake ndo mtandao wote huo. Kilichomfungulia hasa ni voisi, ambazo zilikuja 2013, kabla ya hapo alikuwa anaandika herufi moja moja na macho yake hayampi ushirikiano. Ukimuona anarekodi utapenda. Anaikamata simu kwa mikono miwili, anaileta karibu na mdomo, dole gumba limebana mpaka kucha imekuwa nyeupe (nimemfundisha kuburuta juu ijifunge, hataki, anasema akiachia anahisi yule mtu kaondoka), kisha anasalimia. Anaita jina. Ananyamaza kidogo, ile nafasi ya mtu kuitikia. Ndo anaendelea, hali yako, watoto, mguu ule unaendeleaje, na hoja yenyewe inakuja dakika ya tatu. Dole likiteleza voisi ikaenda nusu, haendelei alipoishia, anaanza upya kwenye salamu, maana kwake ni sawa na kuingia tena mlangoni.

Na anafowadi. Hapa ndo tuligombana miaka. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, onyo la dawa yenye sumu, onyo la namba ukipokea simu inalipuka, mtoto aliyepotea ambaye ukifuatilia unakuta alipatikana zamani. Kuna utafiti ulitoka 2019 kwenye jarida la Science Advances, walichunguza Wamarekani kwenye Facebook wakati wa uchaguzi wa 2016, wakakuta waliozidi miaka 65 walisambaza habari kutoka tovuti za uongo karibu mara saba kuliko kundi la vijana wadogo kabisa. Huo nilikuwa naupenda kuutaja nikitaka kushinda mabishano. Nisichokuwa nataja ni kwamba utafiti huohuo ulikuta watu wengi sana, zaidi ya asilimia 90, hawakusambaza hata moja.

Siku moja nikaacha kubishana nikamuuliza tu, mama hii umeituma kwa nini, ulisoma ukaamini? Akaniambia, "Sijui kama ni kweli. Ila ikiwa kweli na mimi nilijua nikakunyamazia, je?"

Sikuwa na jibu.

Yeye hakuwa anasambaza habari, alikuwa anawakumbuka watu wake, mmoja mmoja. Toka siku hiyo sikumwambia tena "huo ni uongo mama", nilimuonyesha ile mishale miwili inayokaa juu ya meseji iliyopita mikono mingi, nikamwambia hii maana yake haina mwenyewe, imetoka kwa mtu, kwa mtu, kwa mtu, hakuna anayejua wa kwanza ni nani. Hiyo akaielewa palepale! Maana kwake neno lazima liwe na msemaji. WhatsApp wenyewe walishapunguza, 2019 walizuia kufowadi zaidi ya watu au magrupu matano kwa mara moja, na Aprili 2020 zile zilizozunguka sana wakaziacha ziende kwa mmoja tu kila mara, lakini kilichombadilisha mama ni kuambiwa haina mwenyewe. Siku hizi ananiletea kwanza, "hii ina mishale miwili, nani kasema?"

Lakini huko kuona watu wake tu ndo kulimponza. Mwaka juzi ilikuja meseji kutoka kwa rafiki yake wa miaka mingi, jina lake, picha yake, inasema nimekutumia namba za tarakimu sita kwa bahati mbaya, naomba unirudishie. Namba kweli zilikuwa zimeingia kwenye SMS. Akamrudishia, angemnyima vipi mtu aliyemfahamu tangu usichana? Rafiki mwenyewe alikuwa ameshaibiwa akaunti siku iliyotangulia na aliyekuwa anaandika ni mwizi, na zile tarakimu sita ndo funguo ya kuhamisha WhatsApp ya mama kwenda kwenye simu nyingine. Ndani ya saa moja watu wake wote wakapata meseji kutoka kwa "yeye", nimekwama, nisaidie kidogo, ntarudisha kesho. Wawili walituma.

Akaunti tuliirudisha, ukijisajili upya kwa namba yako na tarakimu zikaja kwenye laini yako yule anatolewa, halafu nikamuwekea ile PIN ya hatua ya pili ambayo kila mwenye mzazi kwenye WhatsApp namsihi aiweke leo, iko kwenye mipangilio upande wa akaunti, dakika mbili haziishi. Lakini mama hakushika simu karibu wiki mbili. Aliirudisha ile hela ya wale wawili kutoka mfukoni mwake, akaenda kwa miguu yake kuwaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Na kuna watu wa rika langu, wasomi, walicheka, "wazee bwana, wanabonyeza kila kitu". Hakubonyeza chochote! Alimsaidia rafiki yake. Nikisikia mtu anawacheka wazee walioibiwa mtandaoni damu inanichemka, kwa sababu mwizi hakutumia ujinga wao, alitumia uaminifu wao.

Haya, binti.

Binti hakuanza na watu anaowajua, alianza na TikTok. Hiyo ilitoka nje ya China 2017 na ikaungana na Musical.ly Agosti 2018, na ilivyojengwa ni kinyume kabisa na Facebook niliyoikuta mimi. Mi nilikuwa naona vya niliowaongeza. Yeye akifungua, ule ukurasa wa kwanza unamletea vya watu asiowajua kabisa, mashine inakisia kwa kuangalia amekaa wapi sekunde ngapi, karudia nini, karuka nini, na vilevile cha kwake kinaweza kupelekwa kwa watu elfu kumi ambao hakuna hata mmoja anayemjua. Yaani toka utotoni anajua wageni wapo. Wako chumbani. Wanaangalia.

Ukishaliona hilo, mambo yake mengi niliyokuwa nayaita usiri na kiburi yanakuwa wazi. Akaunti yake ya Instagram ina picha mbili, moja ni ya kivuli chake, na ana nyingine ya watu 20 ambayo hata mama yake hayumo. Anaweka vitu vinavyofutika baada ya saa 24, ule mtindo Snapchat waliuanza 2013 na Instagram wakauchukua Agosti 2016. Nilikuwa namuuliza kama hutaki kibaki unaweka cha nini? Alinijibu kwamba maongezi pia hayabaki, mamdogo, mbona tunaongea. Siku nyingine alinichukua simu mkononi nikiwa karibu kuposti picha ya mtoto wa rafiki yangu, akaivuta iwe kubwa, akaanza kunionyesha: nembo ya shule kwenye shati, namba ya nyumba ukutani, na kwenye kioo cha dirisha taswira ya gari na pleti namba inasomeka. Mi nilikuwa nimeona mtoto mzuri tu. Yeye aliiangalia kwa macho ya mtu mbaya, na iliniuma kuona mtoto wa umri ule ameshajifunza kuangalia hivyo.

Ila asiwadanganye mtu kwamba hawa wamezaliwa wanajua. Kuna msemo ulianza 2001, mwandishi wa Marekani Marc Prensky aliwaita vijana wazawa wa dijitali na sisi wahamiaji, na walimu wengi wakauchukua wakafunga kazi. Huyu mzawa wetu hajui faili alilopakua limeenda wapi, barua pepe yake ya kwanza ya kuomba nafasi ya kazi aliiandika yote kwenye kile kijistari cha mada, chini akaacha patupu. Chuo cha Stanford walitoa utafiti 2016, zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wa madarasa ya kati walidhani tangazo lililoandikwa kabisa kwamba limelipiwa ni habari ya kweli. Na binti yangu vivyo hivyo, mtu asiyemjua akikaa mbele ya kamera, mwanga mzuri, akamuangalia machoni akasema "mimi mwenyewe nimetumia", anaamini kuliko daktari. Mama anadanganywa na jina analolijua, binti anadanganywa na sura asiyoijua. Huwa nawaza hilo sana.

Mengine ni madogo lakini ndo yanayogombanisha watu kila siku. Nukta mwisho wa meseji, binti anaisoma kama nimekasirika, mi nilifundishwa sentensi inaisha kwa nukta. Ile sura inayocheka na machozi, ambayo kamusi ya Oxford iliichagua kuwa neno la mwaka 2015, kwao ni ya wazee, wao wakicheka wanaweka fuvu, mara ya kwanza nilipoliona nilimpigia simu nikiwa natetemeka. Na simu zenyewe! Ukimpigia bila kumtanguliza meseji anajua kuna msiba, na mama ukimpa habari ya msiba kwa meseji bila kupiga anajua umemdharau. Mama alijua kifo cha rafiki yake mpenzi kupitia stetasi ya mtu wa rika langu, mshumaa na maneno "pumzika kwa amani", saa mbili kabla watoto wa marehemu hawajamaliza kupiga simu kwa ndugu. Hilo ni letu, tusiwasingizie vijana. Sisi ndo tunawahi kuposti.

Siku ya tano nikamwita binti aje na kompyuta tuzitoe wote, yeye achague. Zilikuwa 34. Tukaanza, nukta tatu pembeni, futa, thibitisha, inayofuata, hatuongei. Tukafika ile ya beseni. Nilikuwa nimeshapeleka mshale kwenye futa akanishika mkono, "subiri, huyu nani?"

Chini ya picha kulikuwa na komenti tisa. Ya nne ilikuwa ya baba yangu, babu yake, alifariki 2016 binti akiwa bado mdogo, sura yake anaikumbuka kwa mbali tu. Marehemu alikuwa na akaunti miezi michache kabla hajasahau nywila asirudi tena, na alikomenti kama anavyoandika barua, herufi kubwa zote, na sahihi mwishoni: MJUKUU WANGU NIMEKUONA UNAVYOCHEKA. MUNGU AKUKUZE. NIKO SALAMA HUKU. NI MIMI BABU YAKO.

Picha ikifutwa na komenti inaondoka nayo. Nikamwambia hivyo. Akakaa kimya muda, akasoma tena akisogeza midomo, akauliza kama aliandika mengine, nikamwambia hiyo ndo moja tu aliyomuandikia yeye. Nikamuonyesha kwamba si lazima kufuta, kuna pale pa kubadilisha nani anaiona, ukichagua "mimi tu" inabaki mle na hakuna mwingine anayeifikia. Akakubali kwa hiyo moja, 33 nyingine tukazifuta. Stika bado ipo, ile iko kwenye simu za watu na hatuna la kuifanya, nimemwambia nimekosa na nimemwomba msamaha bila kuongeza "lakini".

Kabla hajafunga akapiga skrinishoti ya maneno ya babu, akaikata juu vizuri ili beseni lisionekane, akamtumia bibi yake. Tiki za bluu zikaja. Kisha kule juu pakaandika anarekodi, ikarekodi, ikarekodi, dakika tatu na sekunde 40. Tuliifungua pamoja. Amesalimia, ameita jina la mjukuu, amenyamaza kidogo, akauliza shule, halafu akaanza kusoma yale maneno polepole, neno moja moja kwa sababu ya macho, mpaka "ni mimi babu yako", akayarudia yale mara ya pili. Kikafuata kimya kirefu, unasikia tu anavuta pumzi.

"Sasa mama, picha yenyewe aliyokuwa anaiangalia iko wapi?"

Binti akaniangalia. Akarudi kwenye kompyuta, akapiga skrinishoti nyingine, hii hakuikata, akamtumia.